Kwa Shangazi Aliyelikataa Gunia la Baba

Mpendwa shangazi Atu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa huoni. Huku Makwale tu wazima. Mpunga wa bondeni umeanza kupiga njano, ndege wameshajua, na kila asubuhi kabla ya shule napita shambani kuwafukuza kwa kupiga debe. Nasikia huko Ikombe simu haishiki mpaka mtu apande juu ya jiwe fulani, na wewe si mtu wa kupanda mawe ili uongee na watu. Kwa hiyo naandika.

Naandika waziwazi. Nakala moja ya barua hii nitaibandika kwenye mlango wa stoo ya kokoa, pale yanapobandikwa matangazo ya mikutano, na kila anayejua kusoma ataisoma, na asiyejua atasomewa. Unanijua mimi. Mimi ndiye yule akitumwa chumvi dukani anasubiri kwanza wateja wote waondoke. Kwa hiyo ukisikia Subilaga kabandika karatasi mlangoni, usidhani nimebadilika tabia. Bado natetemeka. Ila jambo lenyewe lilifanyika mbele za watu, nikaona si haki kulimaliza kwa kunong'ona jikoni.

Nianze na darasani, maana lilianzia huko, na lilianza na neno lako.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni kitenzi kimoja: condemn. Akakipigia mstari mara mbili. Akasema, "Hiki ni kitenzi kizito. Si 'sipendi'. Si 'sikubaliani na wewe'. Mtu akikitumia hiki amekikataa kitu kwa nguvu zake zote, na anataka watu wasikie." Akatueleza kwamba nchi hukitumia pale nchi nyingine inapomvamia jirani. Hakimu hukitumia anapomtia mtu katika adhabu kubwa. Mkaguzi hukitumia akilikuta jengo limepasuka, akawatoa watu wote ndani kabla halijawaangukia. Kamusi ya darasani, ile isiyo na jalada, imeandika kulaani, kushutumu, kuhukumu. Mwalimu akasema yote matatu ni kweli na hakuna hata moja linalotosha peke yake. Kisha akasema kila mtu atunge sentensi.

Basi darasa likageuka taarifa ya habari. I condemn corruption. I condemn early marriage. I condemn drug abuse. Kila anayesimama anakunja uso kama waziri. Akafika Gwamaka, mtoto wa fundi baiskeli, yule mrefu. Akasema, "Madam, I condemn ugali wa shule."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye aligeukia ubao kwanza ndipo akajibu. "Gwamaka, ugali huo wewe unaurudia mara mbili kila siku. Kitu ulichokikondemu hukirudii na sahani."

Mimi nilikuwa nimeandika sentensi yangu kwenye daftari na kuifunika kwa mkono. Mwalimu huwa anapita katikati ya madawati. Akausogeza mkono wangu taratibu, akasoma: My aunt condemned my father's cocoa.

"Sentensi iko sawa," alisema. "Lakini hawa wenzako wote wamekondemu vitu vikubwa vilivyo mbali. Wewe umeleta shangazi na baba. Simama utueleze."

Shangazi, sikusimama. Nililia. Nilijifanya nimeingiwa na vumbi la chaki, lakini nililia, na mwalimu akaniambia nimwone baadaye. Kilichoniliza si aibu. Sentensi ile ilikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu tu, na nusu ya pili nilikuwa nayo mimi peke yangu tangu msimu uliopita.

Wewe ndiye ulinifundisha neno hilo kabla mwalimu hajaliandika. Unakumbuka? Tulikuwa tumekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba yako tukipasua kokoa, wewe unapasua ganda kwa rungu, mimi nachomoa mbegu na ute wake natia kwenye beseni. Ukawa unanisimulia kazi yako ya zamani, ulipokuwa mtunza stoo hospitalini, kabla chama cha msingi hakijakuchukua kuwa mpima ubora. Ukasema mwisho wa mwaka walikuwa wanakaa kamati nzima kuangalia vitu vibovu. Kitanda kilichovunjika mguu, mashuka yaliyochakaa, mizani isiyosoma. Vitu hivyo havikutupwa hivihivi. Lazima vikondemiwe kwanza.

Nikakuuliza, "Kwani kitanda kina kosa gani mpaka kihukumiwe?"

Ulicheka mpaka rungu likakuponyoka. Ukasema, "Subi, kushutumu mtu anaweza kushutumu akiwa amelala. Redioni wanafanya hivyo kila siku. Lakini sisi ilikuwa lazima uinuke, ukifuate kitu kilipo, ukiguse, ukigeuze, uone ubovu wake uko wapi. Halafu uandike jina lako chini. Ukikataa kuandika jina, basi hujakondemu, umesengenya."

Nililiandika neno hilo siku ile nyuma ya daftari la Hisabati. Sikujua kama nitaliona likifanya kazi.

Naomba wanaosoma hapa mlangoni niwakumbushe kidogo shangazi yangu alikuwa nani humo ndani, maana watu wana tabia ya kusahau haraka. Kabla yako, wanawake walikuwa wanaingia stoo wakiwa na magunia kichwani na kutoka bila magunia, basi. Kupima kulikuwa kwa wanaume, na kupima kwenyewe kulikuwa kunusa kiganja cha mbegu za juu na kusema "pita". Wewe ulikuja na bambo, kile chuma chenye mfereji unachochoma ubavuni mwa gunia, ili utoe mbegu za katikati na za chini, siyo zile za juu zilizopangwa kama harusi. Ukaja na ubao wako na kisu kidogo. Mbegu moja baada ya nyingine, unaipasua kwa urefu, unazipanga mbili mbili kama kurasa. Ya kahawia yenye mipasuko ndani, hiyo imevundikwa vizuri. Ya zambarau, imeharakishwa. Ya kijivu kama jiwe la kunolea, hiyo haikuvunda kabisa, mtu kaikausha tu.

Nakumbuka siku ya kwanza mzee mmoja alikuambia mbele ya foleni, "Mama, kisu hicho si ungekipeleka kwenye vitunguu?"

Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Vitunguu humliza anayekata, baba. Hizi zitamliza aliyezileta."

Foleni nzima ilishangilia, na mzee mwenyewe akacheka, na gunia lake likapita kwa halali. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na nilijisikia kama mtu ambaye shangazi yake ni rubani. Siku hizo nilikuwa nakuiga nyumbani, napasua mbegu za maembe kwa kisu cha mama na kusema "sipitishi" peke yangu.

Sasa nifike kwenye nusu yangu.

Wewe unajua kokoa inayovunda inanukaje. Siku ya kwanza inanukia kama pombe tamu, ya tatu inakuwa siki kabisa, inapanda puani mpaka machozi. Ukiigeuza kwa mikono, harufu haitoki kwa sabuni. Inakaa kwenye kucha, kwenye nywele, inaingia kwenye sweta la shule. Kule darasani Kidato cha Pili walikuwa wamenipa jina. Nikiingia tu, sauti inatoka nyuma: "Jamani, nani kafungua chupa ya siki?" Mwingine anajibu, "Siki kaja, leteni kachumbari." Wote wale ni watoto wa kokoa kama mimi. Ila mimi ndiye nilikuwa sijibu, na asiyejibu ndiye anayebaki na jina.

Msimu uliopita baba aliitwa kwenda Ngana, kwenye msiba wa binamu yake. Unajua misiba yetu, mtu haendi asubuhi akarudi jioni. Alikuwa ameshajaza sanduku la mbao na kulifunika kwa majani ya mgomba. Akaniita. "Subi, mama yako ana mtoto mgonjwa, mimi naondoka. Kazi hii ni yako. Siku ya pili geuza ivunde sawasawa, siku ya nne geuza, ya sita tutaitoa pamoja nikirudi. Usimwachie mtu mwingine. Mkono wako naujua."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepangwa kusoma kwa Kiingereza mbele ya shule nzima, kwenye mstari wa asubuhi. Mwalimu alinichagua kwa sababu naandika vizuri, hakujua siongei. Nilifanya mazoezi nikiwa nimejifungia chooni. Siku ya pili nikasogeza majani ya mgomba, harufu ikanipiga, nikafikiria nikisimama mbele ya watu wote wale na mtu mmoja tu akasema siki. Nikayarudisha majani. Nikasema nitageuza kesho. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kusoma. Nilisoma, hakuna aliyecheka, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani naelea, nikasahau sanduku kabisa. Siku ya nne nililikumbuka, nikajiambia sasa harufu imekuwa mbaya zaidi, na ukweli, shangazi, nilikuwa nimeonja kuwa safi. Sikutaka kuacha.

Baba aliporudi aliuliza, "Uligeuza?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Neno moja tu. Hakukagua. Kwa nini akague, alisema mkono wangu anaujua.

Tuliikausha juani juu ya kichanja siku nyingi, na kwa nje ilipendeza, nyekundu kidogo, inang'aa. Baba alikuwa anachukua kiganja anakimimina kwenye kiganja kingine ili asikie zinavyolia. Alimwambia kila aliyepita njiani kwamba kokoa hii kaivundika binti yake.

Siku ya stoo alitaka tuwe wa kwanza. Alibeba gunia mwenyewe, akalishusha mbele yako, akafungua mdomo wake kwa mikono miwili. Watu walikuwa wengi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo tutaona kama kisu kinajua undugu." Mwingine, "Kitaujua tu, hata kisu kinakula nyumbani." Baba akajibu kwa sauti, "Kata hata yote, Atu. Usinipendelee."

Ukachoma bambo. Ukapasua ya kwanza. Mimi nilikuwa upande wa kulia wa ubao na niliiona kabla ya baba. Ilikuwa ya kijivu. Ya pili zambarau. Ya tatu kijivu. Ukachoma bambo upande mwingine, ukapasua tena, polepole zaidi, kama mtu anayeomba akosee. Kwenye ubao mzima kulikuwa na za kahawia chache tu, zile nadhani zilizokuwa juu karibu na majani.

Ukauliza, "Kaka, hii nani aligeuza?"

Baba akasema kwa fahari, "Mwanangu. Huyu hapa."

Ukanitazama. Kisha ukaitazama mikono yangu. Nilikuwa nimepaka mafuta, kucha zangu zilikuwa nyeupe. Wewe ulikuwa umevundika kokoa miaka yote hiyo, ulijua mikono ya mtu aliyegeuza ikoje msimu mzima. Nilijua kwamba umejua. Nilisubiri ufungue kinywa. Ungesema neno moja tu, "mtoto hakugeuza", na lawama zote zingeniangukia mimi, na wewe ungetoka hapo ukiwa dada mwema.

Ukageukia daftari. Ukasema, "Sipitishi." Ukaandika. Ukatia jina lako.

"Atu," baba alisema. "Unaniona vizuri? Mimi ndiye niliyekuwa nakubeba mabegani kuvuka mto masika yote ili usome. Kiingereza hicho unachokiandika humo kilivuka juu ya shingo yangu."

Ukasema, "Najua, kaka. Nimekataa kokoa. Wewe sijakukataa. Ikipita hii, ikachanganywa na ya wenzako, wanunuzi wakipasua wataikataa stoo yote."

"Una roho mbaya," baba akasema. "Umesoma ukawa na roho mbaya. Kwangu usikanyage."

Ulimwita anayefuata. Anayefuata alikuwa yule mzee wa vitunguu, na nakumbuka alilileta gunia lake kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayeleta kitu kanisani.

Tulirudi na gunia letu kwa njia ya migombani ili tusikutane na watu. Baba alitembea mbele. Mimi nilikuwa na maneno yote tayari kinywani, kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa, hata kwa Kiingereza, na sikusema hata moja.

Ulikuja Jumapili ileile baada ya kanisa, ukasimama nje ya ua na ndizi zako. Mama alitoka kukupokea, baba akamwita ndani. Ulikuja tena Jumapili nyingine. Msimu ulipoisha tukasikia mama wa marehemu mume wako ni mgonjwa huko Ikombe, hana wa kumtazama, na wewe umeacha kazi ya stoo kwenda kumuuguza. Watu walisema umekimbia aibu. Mimi ndiye niliyekusindikiza mpaka njia panda, unakumbuka, nikiwa na ndoo yako kichwani. Nilikuwa nimepanga kukuambia pale. Wewe ukaniwahi. Ukaishusha ndoo kichwani mwangu ukasema, "Ulisoma vizuri ile siku ya mstari. Nilisikia." Ukasema, "Ndaga," asante ya kwetu, kama vile mimi ndiye niliyekupa kitu. Ukaondoka.

Kwa hiyo ulijua hata siku yenyewe. Ulijua kwa nini. Na hukuniuza.

Nimefikiria sana kwa nini hukusema. Mwanzoni nilidhani ulinihurumia. Sasa nadhani ni zaidi ya hapo. Kazi yako siku ile ilikuwa kuipima kokoa, na uliipima mpaka mwisho. Mimi hukunipima. Uliniacha nijipasue mwenyewe. Sijui kama ndivyo ulivyowaza, lakini ndivyo ninavyokuelewa, na nikikuwaza hivyo kifua kinanijaa. Wengine darasani wana shangazi wa Dar es Salaam anayetuma simu. Mimi nina shangazi ambaye kaka yake alimtukana mbele ya foleni na mkono wake haukubadilisha hata herufi moja.

Baada ya ile siku ya condemn nilienda kumwona mwalimu. Aliniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikamwambia hapana, tatizo ni mimi. Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alisema tu, "Ukiweza kunieleza mimi, unaweza kulieleza darasa. Na ukiweza darasa, umebakiza mtu mmoja."

Wiki iliyofuata nikasimama. Kwa Kiingereza, shangazi, bila karatasi. Niliwaeleza kokoa inavyovunda, na bambo, na ubao. Niliwaeleza kwamba watu husema condemn kama wanarusha jiwe, ila mimi nimemwona mtu akilisema kwa kisu kidogo na kwa huruma. Nikawaambia kwamba ile kokoa niliiharibu mimi kwa sababu sikutaka kunuka siki. Halafu Gwamaka akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Aisee, sisi ndio tulikuwa tunakuita." Mwalimu hakumwadhibu kwa kuongea Kiswahili.

Jina bado lipo, nisikudanganye. Juzi mtu aliniita Siki nikaitika "Abee".

Nikabakiza mtu mmoja.

Baba alikuwa amekaa nje anatengeneza mpini wa jembe. Nilisimama mbele yake muda mpaka akauliza kama nataka hela ya daftari. Nikasema, "Baba, ile kokoa sikuigeuza."

Aliendelea kuchonga. "Uligeuza mara moja tu?"

"Sikuigeuza hata mara moja."

Panga likasimama. Sikukimbia. Akasema, "Kwa hiyo Atu alikuwa anasema kweli."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo, baba."

Aliuweka mpini chini. Akaingia ndani. Siku tatu hakuniita jina, alisema tu "wewe". Ya nne akaniita Subi, akaniambia nikafute sanduku, kuna kokoa ya kuvundika, na safari hii atasimama pembeni anione. Nimeshaigeuza mara mbili. Nanuka mpaka mbwa ananikwepa.

Baba amesoma barua hii kabla sijaimaliza. Nilidhani ataniambia niondoe pale alipokuambia una roho mbaya. Alipasoma mara mbili, akasema, "Pabaki." Kisha akasema, "Ongeza kwamba Ambakisye alimkosea dada yake. Usizungushe." Basi nimeongeza. Na wanaosoma hapa mlangoni wajue hayo ni maneno yake, si yangu.

Shangazi, jambo la mwisho, na hili silinakili kwenye karatasi ya mlangoni. Barua hii haiji kwa mtu wa posta; nampa mvuvi wa Matema ikufikie kabla ya baba. Jumamosi hii baba atashuka Matema, na kutoka hapo atapanda mtumbwi kuja Ikombe. Mto anaujua, lakini ziwani hajawahi kusafiri maishani mwake, na amekataa nimsindikize. Mama amemwambia mawimbi ya asubuhi ni madogo, akasema, "Nani kauliza mawimbi?" Ila baadaye nilimsikia akiuliza.

Jana aliniuliza, akiwa anatazama pembeni, "Nikifika, nianzeje?"

Nikamwambia, "Umsalimie tu, baba. Uanze wewe."

"Mimi ni mkubwa wake," akasema. "Mdogo ndiye anayeanza."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Lakini leo asubuhi nikiwa nateka maji nilimsikia nyuma ya nyumba, anafua mwenyewe shati lake jeupe la kanisani, na anasema kwa sauti ya chini, "Ugonile, Atu." Mara ya kwanza ilitoka kama anaamuru ng'ombe. Akakohoa, akajaribu tena. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati, nikaondoka na ndoo yangu bila kujaza, ili asijue kwamba nilikuwepo.

Akishuka mtumbwini atakuwa amelowa na atakuwa amekasirika kwa sababu ya woga. Tafadhali, shangazi, usimwahi kwa salamu. Mwache aanze, mwache amalize.

Kaa salama, na Kyala akulinde wewe na mama mgonjwa.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Subilaga